Mguu Uliorudi Mombasa

Kabla sijawaambia lolote kuhusu fomu, niwaambie kuhusu gongo. Fomu mtafundishwa na wakubwa wenu wa ofisi ya ustawi wa jamii. Gongo hakuna atakayewafundisha. Gongo la kwapani linalotoka mjini lina ncha nyembamba, na hapa kwetu Garsen mto ukishajaa ukashuka, tope linabaki mpaka magotini. Kiwete akiweka ncha ile chini, gongo linazama, naye anabaki ananing'inia. Kwa hiyo mtafuteni fundi wa mitumbwi achonge kibao cha upana wa sahani, akipigilie chini ya gongo kwa misumari miwili. Nasema miwili. Atoboe na vitundu viwili hivi ili tope lipenye, kama sivyo kibao kinanasa na haking'oki ng'o.

Leo mnasema mtu mwenye ulemavu. Ni vizuri, lina heshima. Daftari letu liliandika kiwete, kipofu, kiziwi, na mimi ulimi wangu umeshazoea, mtanivumilia.

Jina langu ni Buya. Nilizaliwa Golbanti, nikasoma shule ya misheni pale pale, na miaka ile ya hamsini, wakati wa Wazungu, nilikuwa karani mdogo katika ofisi ya serikali Garsen. Ofisi yenyewe ilikuwa ya bati juu, bati kando, na ikifika saa sita mchana hata mijusi ilihama. Bosi wetu alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana Shauri, mtu wa kuja na kuondoka na lori lake. Mwalimu wangu wa kazi alikuwa karani mkubwa, Mzee Shee, mtu wa Kipini, mwenye kofia safi na ulimi usio na huruma.

Barua yangu ya kwanza ya kumwombea mtu msaada niliiandika kwa ajili ya mfugaji mmoja wa Kiorma aliyepofuka. Niliandika kurasa mbili. Niliweka giza, machozi, ng'ombe wasiomjua tena mwenyewe, kila kitu. Nikampelekea Mzee Shee nikingoja sifa. Akasoma, akavuta ugoro, akapiga chafya mara tatu.

"Ndoo hapa," akasema, maana kwao njoo ni ndoo. "Hii ni barua au ni matanga? Bwana hana wakati wa kulia, mwanangu. Mwambie mtu ni nani, ni mwenyeji wa wapi, chifu wake ni nani. Kisha macho. Macho yawe mwisho."

Nikaandika upya mistari minne. Yule mzee wa Kiorma akapata unga wake. Mara nyingine niliandika kuhusu kiziwi mmoja kwamba nimemuuliza na amejibu hasikii kitu. Bwana Shauri akaizungushia duara la wino mwekundu na kuuliza swali langu alilisikiaje. Mzee Shee alicheka mwezi mzima. Kila nikipita ananiuliza, "Kiziwi wako hajambo? Amekwambiaje leo?"

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Msaada wa wakati ule ulikuwa mdogo, lakini ulikuwepo. Kulikuwa na daftari la wasiojiweza. Ukiandikwa humo unapata posho ya unga na maharagwe kila mwezi, na kama umepungukiwa na kiungo unaweza kuombewa matibabu. Lakini daftari lilikuwa na safu moja iliyoandikwa "Mwenyeji wa", na hiyo ndiyo iliyoua watu. Kama pale pana jina la kijiji cha mto huu, unakula. Kama ni Mgiriama uliyevuka kuja kufanya kazi, unarudishwa kwa chifu wako. Na kama umetoka ng'ambo ya mpaka, kwenye serikali nyingine kabisa, basi huna chako. Unapandishwa lori, unashushwa mpakani, unaambiwa kwaheri.

Bakari Chipanda alikuwa Myao wa Tunduru, kusini kabisa mwa Tanganyika. Alikuja pwani kukata mkonge, mkonge ukamchosha akaingia kwenye kazi ya barabara, barabara ikamleta Garsen, akawa mvuta kamba wa feri. Feri ya siku zile haikuwa na injini. Watu walishika kamba wakaivuta mpaka ng'ambo, huku wakiimba na kumtukana dereva aliyepakia mzigo mzito. Bakari ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Alikuwa mtu mfupi, kifua kipana, na kila akiniona ananiuliza, "Karani, habari ya wino?" Namjibu wino mzuri, habari ya kamba? Anasema kamba haijambo, inawasalimu.

Siku moja feri iliyobeba lori la ngozi iligonga gati vibaya, na mguu wake wa kushoto ulikuwa katikati. Walimkata hospitali, chini kidogo ya goti. Aliporudi Garsen mwenye kazi alimwambia yeye alikuwa kibarua, na kibarua kazi yake huisha jioni. Ndivyo alivyoambiwa, na mimi nilikuwepo.

Niliandika barua kumi na moja. Niliandika kwa kanuni zote za Mzee Shee, macho mwisho. Zilirudi na jibu lile lile: mwombaji si mwenyeji wa wilaya. Barua ya kumi na mbili, ya mwisho, niliipeleka kwa chama kimoja cha hisani Mombasa, ambacho nilisikia kinatoa miguu ya mbao. Dresa wa zahanati alikuja na utepe wake akampima Bakari urefu na unene wa kigutu, akapima na mguu mzima ili iwe jozi. Bakari alitia dole gumba kwenye fomu. Halafu kimya. Miezi ikapita, mimi nikasahau kabisa kwamba ile barua ilikwenda.

Nyinyi mtauliza, kwa nini asirudi tu kwao? Hata mimi nilimuuliza. Tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya ofisi, gongo lake limeegemea ukuta.

"Nina dada yangu kule, Somoe," akaniambia. "Ana watoto sita na jembe moja. Nilitoka pale na miguu miwili, karani, nikamwambia nakwenda kutafuta. Leo nikamlalie mlangoni? Unipatie mguu kwanza. Nikiupata, sitaki posho ya mtu, sitaki lori la serikali. Nitarudi kwetu mwenyewe, anione naingia uani natembea."

Hilo ndilo alilolitaka, hakuwa na jingine. Mguu wa kumfikisha nyumbani.

Kisha ikaja amri kwamba wageni wasio na kazi warudishwe makwao. Orodha niliichapa mimi kwa mashine, na jina la Bakari Chipanda lilikuwa la nne. Lori lilitarajiwa baada ya wiki mbili. Nilishikwa na hasira mpaka nikaharibu karatasi tatu.

Aliyetuokoa, au niliyedhani ametuokoa, ni Mzee Jillo wa Ndera. Alikuwa Mpokomo wa juu ya mto, Mwislamu, mkulima wa ndizi, na alikuwa akishuka na mtumbwi wake kuja kuziuza penye feri. Yeye na Bakari walikuwa marafiki wa kutaniana. Mzee Jillo alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Omari, aliyekwenda kutafuta kazi mjini akafia huko. Kifo kile hakikuandikishwa. Kila mwaka nilipomuuliza, mzee alisema, "Mwache kwanza," nami nikamwacha. Kwa hiyo katika daftari Omari Jillo wa Ndera alikuwa hai.

Mzee Jillo alilipeleka jambo la Bakari kwenye gasa, baraza la wazee wa Kipokomo. Kwetu mgeni anaweza kuingizwa kwenye ukoo, si jambo la ajabu. Mnakula naye, anapewa kipande cha shamba kwenye ukingo wa mto, na tangu siku hiyo akikosa, mnalipa nyinyi, akifa, mnazika nyinyi. Wazee walikubali. Mzee Jillo akaja ofisini kwangu, akakaa kwenye kiti cha wageni, akasema polepole:

"Jina la mwanangu lipo kwenye kitabu chako, halina mtu. Mpe huyu. Mama Omari ameshakubali, amemkandia hata dawa ya mguu."

Mnaona? Kijiji kilifanya jambo la haki, kwa mila yake, mchana kweupe. Aliyeligeuza kuwa uongo ni mimi, kwa sababu daftari langu halikuwa na mahali pa kuandika "mgeni aliyekuwa mwana." Nilichukua kalamu. Kwenye Omari Jillo nikaongeza: kiwete, mguu wa kushoto. Na mbele ya jina la Bakari Chipanda nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Amerudi kwao.

Mzee Shee alikuwa amesimama nyuma yangu. "Umemtoa mtu kitabuni," akasema. "Wayua kumrudisha?"

Eti kama najua! Nikacheka. Nilijiona bingwa. Lori lilipokuja, wa nne hakuwepo, na Bwana Shauri akasoma daftari akaridhika. Tangu mwezi ule Bakari alikuwa akishuka na Mzee Jillo kwa mtumbwi, anapanga foleni ya posho, naita "Omari Jillo!" naye anaitika "Labeka!" kwa sauti kubwa kuliko wote, kisha ananikonyeza. Nikimkabidhi unga ananong'ona, "Habari ya wino?" Ile ilikuwa miezi ya raha. Nilimpelekea hata kile kibao cha gongo nilichowaambia. Fundi alichonga vizuri sana. Msumari nilitoa mimi kwenye sanduku la ofisi, na ulikuwa umebaki mmoja.

Mguu ulikuja siku ya posho.

Ulikuja na lori la Malindi, ukavuka kwa feri ile ile, kamba ile ile. Ulikuwa umefungwa kwa gunia, na kitambulisho kimeshonwa: Bakari Chipanda, Garsen. Bwana Shauri alikuwepo siku hiyo, akaufungua yeye mwenyewe mezani. Ulikuwa wa mbao ya rangi ya asali, na mikanda mipya ya ngozi yenye harufu ya duka. Unyayo wake ulikuwa mpana, bapa, umetiwa mpira chini. Niliuangalia unyayo ule nikajua kwamba usingezama topeni.

Na ulikuja na karatasi. Anayepokea atie dole gumba, nalo lifanane na dole la fomu ya maombi.

Bwana Shauri akaomba daftari. Akapitisha kidole, akafika. "Amerudi kwao," akasoma. "Huu mwandiko wako, Buya?"

"Wangu, bwana."

Akaupima mguu kwa macho, akaonekana kusikitika, na hapo ndipo aliponiuliza, maana hakuwa mtu mbaya: "Hakuna kiwete mwingine wa mguu wa kushoto hapa? Wale wa chama wanaweza kukubali akaupokea mwingine."

Dirisha lilikuwa wazi. Lilikuwa halina kioo, ni tundu tu na ubao wa kulifunga. Nje ya dirisha, kwenye baraza, niliona ncha ya juu ya gongo ninalolijua. Bakari alikuwa karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa.

Niliwaza dole gumba. Litafanana. Litafanana kwa sababu ni la mtu yule yule, na Mzungu atauliza vipi Omari Jillo wa Ndera ana dole la Bakari Chipanda wa Tunduru. Posho itakatwa. Lori litaitwa. Mzee Jillo atafungwa kwa kuidanganya serikali, na mvi zake zile. Haya ndiyo niliyojiambia baadaye kwamba niliyawaza. Nyinyi ni wajukuu zangu, siwezi kuwadanganya: kwanza niliwaza kazi yangu. Nilikuwa na mke na watoto wawili, na shati jeupe ambalo Golbanti nzima ililiheshimu.

"Hakuna, bwana," nikasema.

"Basi rudisha Mombasa."

Barua ya kuurudisha niliichapa mimi. Nilipotoka nje kugawa posho, Bakari alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Mzee Jillo alikuwa amesimama karibu naye ameshika kapu, hajui atazame wapi.

"Ulikuwa wangu ule?" Bakari akaniuliza.

"Ulikuwa wako."

"Una vidole?"

"Hauna. Bapa tu. Chini una mpira."

"Mpira!" akasema. "Wa mpira hauna kelele. Ningeingia uani Somoe asisikie, nimshtue."

Nilitaka anitukane. Alikuwa hodari wa matusi, madereva wote wa Malindi walimjua, lakini kwangu hakupata hata moja. Mzee Jillo akamshika kwapa akamwinua. "Twende zetu, Omari," akasema, "mama yako anangoja." Wakateremka mpaka kwenye mtumbwi. Baada ya hapo kila mwezi alikuja, akaitika jina, akachukua unga. Habari ya wino hakuniuliza tena.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimehamishiwa kwingine, nilikutana na mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa stoo ya chama kile. Nikamuuliza kama kwa mzaha, yale madole gumba mlikuwa mkiyalinganishaje? Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Kulinganisha nini, bwana? Tulikuwa tunayatupa kwenye kasha chini ya ngazi. Yameliwa na panya." Nilimwomba maji ya kunywa, nikakaa, nikashindwa kuyanywa. Niliogopa karatasi ambayo hakuna mtu angeisoma.

Lakini hata kabla ya kumjua mzee huyo, mambo yalikuwa yamekwisha. Masika iliyofuata mto ulifurika vibaya. Kule Ndera walihama kutoka ukingoni kwenda penye mwinuko. Mzee Jillo alipakia watoto wa jirani kwenye mtumbwi wake, akamwambia Bakari asubiri, atarudi kumchukua. Bakari akaona maji yanapanda kwenye nyumba, akaamua kufuata tuta la migomba kwa gongo lake. Mtu mwenye miguu alikuwa anapita pale bila shida, watu walipita. Mzee Jillo aliporudi alikuta gongo limesimama topeni peke yake. Kibao kilikuwa kimegeuka upande kwenye ule msumari mmoja.

Walimpata siku ya tatu. Wakamzika Ndera, kwa mila na kwa dini, kama walivyoahidi siku ile walipokula naye. Mama Omari alikaa matanga kwa mara ya pili kwa jina lile lile. Nami kwenye daftari nikaandika: Omari Jillo, amefariki. Wakati huo Mzee Shee alikuwa ameshastaafu amerudi Kipini, na sikuwa na mtu wa kunikemea. Ningependa sana kukemewa.

Mnaniuliza mbinu. Kila mwaka mmoja wenu huja nyumbani kwangu na kuniuliza, Babu, mtu si mwenyeji, hana kitambulisho, hana haki ya msaada, tumsaidieje? Nilijaribu ukweli mara kumi na moja ukarudishwa. Nikajaribu uongo mara moja, ukafanya kazi vizuri mno. Ninachojua ni hiki tu: ukiwa na barua yoyote uliyoituma kwa jina la mtu, iandike mahali, uitundike mbele ya macho yako, usije ukaisahau. Na mpeni mtu misumari miwili.

Miezi michache baada ya mazishi, ofisi ilipata barua kutoka Tunduru. Ilikuwa imeandikwa na mwalimu wa chuo cha Kurani kwa niaba ya Somoe binti Chipanda. Aliuliza kama kaka yake yu hai. Bwana Shauri akafungua daftari, akasoma safu ile, akaniambia nijibu. Nilichapa jibu, akatia sahihi, nikagonga muhuri: Bakari Chipanda amerudi kwao.

Barua ya pili ilikuja. Hiyo sikuipeleka kwa Bwana Shauri, wala sikuijibu. Ninayo mpaka leo, katika bati la biskuti chini ya kitanda, na wino wake umekuwa wa kahawia. Somoe anashukuru serikali. Anasema wamefurahi sana, wamempigia udongo chumba cha uani na mtoto mkubwa amemsukia kitanda kipya. Anasema wamengoja, na Bakari hajafika. Anaomba aambiwe jambo moja tu: alipita njia gani, ili waende kumpokea.